Kitenge Kilicholiwa na Mkanda

Siku ya gulio, Mikumi haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili za barabara kuu, matingo wakiitana kwa miluzi, wauza vitunguu wa kutoka Malolo wakiyakimbilia madirisha ya mabasi, na juu ya makelele hayo yote ulisikika mlio wa mashine ya kusaga ya Mzee Lupakisyo, tangu asubuhi, bila kupumzika.

Foleni ya ndoo na madebe ilitoka mlangoni ikafika kwa fundi baiskeli. Ndani, katika vumbi jeupe la unga, alisimama binti wa mzee huyo, jina lake Tumwagile. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa hata chini ya vumbi, amevaa blauzi nyekundu na sketi ndefu, na mabegani alikuwa amejitupia kitenge cha rangi ya embe bivu. Mkononi alishika kijiti kilichochovywa kwenye kopo la lami. Mkanda wa mashine ulikuwa unateleza, na kila mwenye mashine Mikumi aliijua dawa yake: unaupaka lami huku unazunguka. Ukizima injini kwanza, wateja wananuna na kubeba ndoo zao kwenda kwingine. Kwa hiyo hakuna aliyezima, na kwa hiyo hakuna aliyefunika mkanda wake. Kava za chuma zilizokuja na mashine hizo zilikuwa nyuma ya nyumba, kuku wakitagia ndani.

Tumwagile akainama kupaka. Ncha ya kitenge ikaning'inia mbele, ikaanza kucheza karibu na mkanda.

Kijana mmoja aliyekuwa ameshuka muda huo kwenye basi la Kilosa, shati lake la rangi ya maziwa limenyooshwa vizuri, akaivuka foleni kwa mikikimikiki. Alikikamata kitenge kwa mikono miwili akakivuta kutoka mabegani mwa msichana. Tumwagile akageuka, na kabla hajamtazama ni nani, akamchapa kofi. Kitenge kikamponyoka kijana, mkanda ukakinyakua. Kilivutwa, kikazungushwa, na kabla mtu hajasema lolote kilikuwa vipande vinavyoruka pamoja na pumba.

"Una wazimu wewe?" Tumwagile alifoka. "Unanivua nguo mbele za watu?"

"Dada, tazama kitenge chako kilipo."

"Nimekiona! Na utaninunulia kingine!"

"Nitanunua. Hiyo shingo yako ningeinunua duka gani?"

Wanawake wa kwenye foleni wakaguna. Mama mmoja mnene akasema, "Mwenzangu, huyo amekuokoa. Kofi la pili usimpige."

Tumwagile alizima injini. "Wewe ni nani hasa?"

"Naitwa Casmir. Natoka Kilosa, Kitengo cha Ukaguzi wa Mashine."

"Ahaa! Umekuja kufunga."

"Nimekuja kufundisha, ili wakija wa kufunga wakose pa kuanzia."

"Ofisi ifundishe? Tangu lini?" Watu wote wakacheka, na Casmir, shavu likimwasha, akacheka nao.

Swali la Tumwagile lilikuwa la haki kabisa. Siku zile biashara ya unga ilikuwa imeachwa huria. Vinu vikubwa vya umma viliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na waliopunguzwa wakaambiwa wajiajiri. Mzee Lupakisyo alikuwa mtu wa reli. Alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua mashine. Alifanya kama alivyoambiwa. Kisha wale wale waliomwambia ajiajiri wakatunga kanuni mpya: mkanda ufunikwe, dizeli iwekwe chumba chake, banda liwe na mlango wa pili. Kanuni zenyewe hazikuwa mbaya. Ubaya ni kwamba zilipigwa chapa kwa Kiingereza na kubandikwa kwenye ubao mmoja huko Kilosa, nyuma ya mlango wa ofisi ambao mchana kutwa huachwa wazi ukaufunika ubao wote. Mtu wa Mikumi azione wapi? Lakini ikifika Julai mosi, wakubwa wangepanda Landrova kwenda kumfungia riziki yake kwa kosa la kutosoma kitu ambacho hakuonyeshwa. Kama huo ulikuwa uzembe tu, ulikuwa uzembe wenye dharau ndani yake.

Casmir alikuwa amemwomba mkuu wake, Bwana Bryson, ruhusa ya kwenda kuwaeleza watu mapema. Bwana Bryson alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake: "Sheria ikishabandikwa, kila mtu anahesabiwa anaijua." Basi Casmir akawa anasafiri Jumamosi, siku yake ya mapumziko, kwa nauli yake.

Jumamosi iliyofuata alirudi na furushi kwapani.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia Lupakisyo, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mbao amevaa koti lake la zamani la reli, vifungo vyote vimefungwa.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemvua binti yangu kitenge?"

"Ndiye, mzee. Nimeleta kingine."

Kilikuwa cha kijani, chenye maua madogo meupe. Tumwagile alikikunjua akakipima mabegani, akakitazama kwa mbali, akakunja uso. "Kijani? Nani alikwambia napenda kijani?"

"Nimechagua kinachoonekana vizuri katika unga."

"Ee! Mkaguzi mpaka wa nguo." Lakini alijifunga kiunoni, akakaza fundo, na siku hiyo hakukivua.

Casmir aliwakusanya wenye mashine wa mtaa ule akawasomea kanuni zote kwa Kiswahili. Shigela, Msukuma mwenye mashine ya jirani, alinyoosha mkono. "Bwana mkaguzi, mkanda ukifunikwa, lami tutaupaka kwa miujiza?"

Hilo Casmir hakuwa amelifikiria. Tumwagile ndiye aliyejibu. "Tukate kidirisha kwenye kava. Chenye bawaba. Brashi ya mpini mrefu inapita, mkono haupiti."

"Hiyo lami yenyewe mnapaka kwa nini?" Casmir akauliza.

"Kwa sababu mkanda unalegea."

"Basi injini isogezwe nyuma kidogo, mkanda ukaze. Tutoboe matundu marefu kwenye chuma cha chini, tuwe tunaisogeza kila ukilegea."

Walitazamana. Shigela akakohoa. "Jamani, sisi wengine twendeni nyumbani. Hapa naona wameanza kuelewana."

Kuanzia hapo mapenzi yalisafiri kwa simu. Ilikuwepo moja iliyotumiwa na mtaa mzima, kwenye sebule ya gesti ya Mama Jenipher, juu ya kabati la vinywaji. Mama Jenipher alikuwa akituma mtu kumwita Tumwagile, na Tumwagile alikuja mbio, nyusi zake nyeupe kwa unga.

"Haloo! Haloo!"

"Ni mimi, Mama Mashine."

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita hivyo?"

"Nikuite nani basi?"

"Niite vizuri. Nimeacha foleni."

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula, ila sijashiba mpaka nikusikie."

"Sema kwa sauti! Simu inakoroma!"

"NIMESEMA SIJASHIBA!" Casmir akapaza sauti kule Kilosa, na wenzake wote ofisini wakageuka kumtazama.

Jumamosi moja, wakila mishikaki kando ya barabara, Tumwagile alimuuliza kwa nini habari ya mikanda inamuuma hivyo. Casmir alimweleza habari za mama yake, Marselina. Aliajiriwa kwenye shamba la mkonge angali msichana, akilisha korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Haikuwa na kizuizi chochote. Siku moja jani lilimng'ang'ania kidole, na korona ikachukua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

"Walimpa nini?"

"Gunia la unga. Na karani akamwambia ashukuru, kwa sababu kosa lilikuwa lake. Halafu nafasi yake ikajazwa kesho yake asubuhi, na korona haikuongezwa hata ubao."

Tumwagile aliusukuma mshikaki wake pembeni. "Washenzi," alisema taratibu.

"Mama ameapa sioi kwenye nyumba yenye mashine iliyo uchi."

"Nani kasema unaoa?"

"Hakuna. Nimetaja tu."

"Ukitaja, taja vizuri," alisema, akamwibia kipande cha nyama.

Kava ikafungwa, yenye kidirisha chake. Injini ikasogezwa. Lakini Mei ilipoanza kuelekea Juni, mahindi mapya yakaingia kwa wingi, mashine ikasaga kutwa nzima, na mkanda ukaanza kulegea tena. Kuisogeza injini upya kulitaka kusimamisha kazi kwa nusu siku. Mzee Lupakisyo, ambaye hakuwahi kuichelewesha treni maisha yake yote, hakutaka kusikia habari hiyo. Binti yake alipokwenda sokoni, alifungua bolti, akaivua kava akaitupa nyuma ya nyumba, akachukua kopo lake la lami.

Tumwagile aliporudi alizozana naye mpaka akachoka. Kisha akakimbilia kwenye simu.

"Casmir! Baba ameivua kava!"

"Nini? Sikusikii!"

"KAVA! BABA AMEIVUA! IKO NYUMA YA NYUMBA! MKANDA UKO WAZI!"

"Mwambie airudishe! Nakuja Jumamosi tusogeze injini!"

Sebule ilikuwa imejaa madereva. Kwenye meza ya pembeni, akimenya ndizi ya supu yake, alikaa Gabrieli, meneja mpya wa kinu kikubwa kilichokuwa zamani mali ya umma. Gabrieli alifuta mikono yake kwa leso, akalipa supu yake, akasubiri zamu yake ya simu.

Alhamisi yake Landrova ya Kitengo ikaja. Aliyekaa mbele na dereva alikuwa Bwana Bryson, na nyuma, katikati ya askari na kopo la lakiri ya kupigia muhuri, alikaa Casmir. Alikuwa ameambiwa asubuhi ile tu kwamba kuna safari, na mahali alikuja kupajua njiani. Bwana Bryson hakuanzia kwa Shigela, wala kwa mtu mwingine. Gari lilinyooka mpaka mlangoni kwa Lupakisyo.

"Mkanda wazi," alisema Bwana Bryson, bila hata kuamkia. "Fungeni."

"Bwana mkubwa, Julai bado," Casmir alisema.

"Nimekuuliza?"

Askari wakatoa wateja. Minyororo ikapita kwenye vipete vya mlango. Ndoo za akina mama, nyingine zimejaa mahindi yaliyosagwa nusu, zikabaki ndani. Mzee Lupakisyo alisimama na koti lake la reli, mdomo wazi, kama mtu aliyeshushwa kwenye treni njiani. Tumwagile hakuwatazama askari wala lakiri. Alimtazama Casmir peke yake.

"Nilimwambia mtu mmoja tu," alisema.

"Tumwagile, siyo mimi. Naapa."

"Panda gari lako. Wenzako wanakungoja."

Casmir alipiga simu siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa yake. "Mwambieni nimekufa," Tumwagile alijibu. Jumamosi alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi la fundi baiskeli mpaka basi la mwisho, na dirisha la chumba cha Tumwagile halikufunguliwa. Mashine iliyokuwa ikiunguruma tangu asubuhi ilikuwa kimya, na kimya hicho kiliingia kwenye sufuria: wateja wote walikuwa wamehamia kwenye kinu cha Gabrieli, ambacho bei yake ilipanda siku ya tatu tu.

Mama Jenipher alivumilia akashindwa. Alikuja jikoni kwa Tumwagile, akakaa bila kukaribishwa.

"Mwanangu, unamnunia nani?"

"Yule msaliti."

"Kwani siri ulimwambia yeye peke yake?"

"Yeye peke yake, mama, kwa simu."

"Kwa simu! Wewe ulivyopiga kelele siku ile, hata dereva aliyelala chumba cha mwisho aliamka akauliza kava ni nini. Na Gabrieli alikaa pale pale anakula supu. Ulipotoka tu akaishika simu. Yeye ndiye aliyeongea kwa sauti ndogo."

Tumwagile aliuweka mwiko chini. Hasira iliyokuwa imemkalia Casmir ilinyanyuka ikatafuta mwenyewe. Kesho yake alijifunga kile kitenge cha kijani, akawakusanya Shigela na wenye mashine wengine, na baba yake mbele, wakapanda basi la Kilosa.

Walipofika uani kwenye ofisi ya Kitengo, madirisha yalikuwa wazi, na sauti zilikuwa zikitoka nje.

"Sheria inaanza Julai mosi!" Ilikuwa ya Casmir. "Leo ni Juni! Mmefunga kwa sheria ipi?"

"Casmir, umechoka kazi?"

"Nimechoka dharau! Mmewaambia watu wajiajiri, wakajiajiri. Mmetunga kanuni mkazificha nyuma ya mlango. Mtu akifunika mkanda hamji kumsifu, akifunua mnakuja na askari! Hiyo kanuni ni ya kulinda mikono ya watu au ni ya kulinda kinu cha Gabrieli? Mama yangu hana mkono, bwana mkubwa. Karani mmoja alimwambia kosa ni lake. Alizungumza kama unavyozungumza wewe!"

Tumwagile aliingia na wenzake, akauvuta mlango kutoka ukutani. Nyuma yake ubao ukaonekana, na karatasi yake ya Kiingereza.

"Shikamoo, bwana mkubwa," alisema.

"Marahaba. Nani amewaruhusu..."

"Kava tuliivua, sikatai, na tulikosea. Mashine ni yetu na mikono ni yetu. Lakini naomba unijibu moja. Kinu cha Gabrieli kina mikanda sita, yote iko wazi, mtoto wa shule anaiona akiwa barabarani. Hicho mlikikagua lini?"

Bwana Bryson aliangalia dirishani. Uani watu walikuwa wameanza kujaa, na miongoni mwao kuna mmoja aliyekuwa akiuliza kwa sauti gazeti gani lina mwandishi hapa mjini. Mkuu alipanga karatasi zake, akazipanga tena. Mwisho alisema kwamba, kwa kuzingatia hali ya mavuno, Kitengo kitafungua kwa muda hadi tarehe ya sheria. Hakusema samahani. Watu wa namna yake hawana neno hilo kwenye droo. Na Casmir akaambiwa aanzie kesho kusimamia ghala tupu lililo mbali na mji.

"Msimpeleke Casmir kokote," Casmir alijibu, akiweka funguo za ofisi mezani. "Ameshaondoka."

Uani, chini ya jua, walisimama wakitazamana kama siku ile ya kofi.

"Umeacha kazi," Tumwagile alisema.

"Wewe ulikuwa umekufa. Nani kakufufua?"

"Mama Jenipher." Alivuta ncha ya kitenge akafuta jasho la Casmir usoni, mbele ya watu wote. "Nisamehe, mpenzi. Nilikuhukumu bila kukuuliza."

"Nikisamehe nitapata nini?"

"Kazi. Wenye mashine wote wa Mikumi wanataka kava zenye kidirisha, na hawana wa kuwaonyesha. Tutapita kwao mmoja mmoja kabla ya Julai."

"Hiyo ni kazi. Mimi naomba kingine."

"Kingine kamwombe mama yako kwanza," alisema, akaondoka akicheka na machozi yanamtoka.

Wakapita kweli, banda kwa banda, mpaka Kidodi, kwa mafundi wa magari ya miwa wa kuwachomelea vidirisha. Na wiki ya mwisho ya Juni, wakati wa kupeleka posa ulipofika, Bi Marselina aliwakataa washenga. Alisema mkono aliobakiwa nao unatosha kubisha hodi.

Alishuka kwenye basi amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi, mkono mmoja wa nguo umekunjwa na kushonwa. Mzee Lupakisyo alimpa kiti. Hakukaa.

"Wewe ndiye uliyeivua kava?"

"Ndiyo, mama," alisema mzee. "Wateja walikuwa wengi."

"Wateja walikuwa wengi." Alirudia maneno hayo polepole, na kila aliyekuwepo aliona haya kuyasikia. "Hata kwetu, mkonge ulikuwa mwingi. Ulitaka binti yako afunge kitenge kwa mkono upi?"

Mzee Lupakisyo alifungua vifungo vya koti lake kimoja baada ya kingine, kana kwamba lilikuwa limembana. "Nimekosa, mama. Sina la kujitetea."

"Washa mashine."

"Mama?"

"Nimesema washa."

Tumwagile alimtazama Casmir, akazungusha mpini. Injini ikashika, banda likatetemeka, mahindi yakaanza kuteremka. Bi Marselina alisogea mpaka kwenye kava, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya chuma, kiganja wazi. Chini ya kiganja mkanda ulikuwa ukikimbia kwa nguvu zake zote, na chuma kilitetemeka tu, kikawa cha vuguvugu. Alikaa hivyo muda mrefu. Unga ukamtua kwenye nywele.

Kisha akauondoa mkono, akautazama pande zote mbili, akamkabidhi Tumwagile aushike.

"Mchumba umempata," alisema kwa sauti ya kushinda mashine. "Hiki chuma kikitoka tena hapa, namchukua mwanangu na wewe nakubeba, na huyu mzee tunamwacha na kopo lake."

"Hakitoki, mama," alisema Mzee Lupakisyo, na akaenda nyuma ya nyumba kulimwaga kopo la lami.